"AI amekosea" au "AI imekosea"? Na hiyo "yamekataliwa na mfumo" je?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu letu la kazini kumezuka ubishi, mmoja kaandika "AI amenijibu vibaya", mwingine akamrekebisha, "sema imenijibu, hiyo si mtu". Halafu mimi kazi yangu ni kuandika meseji za wateja, nimeambiwa niandike "Maombi yako ya mkopo yamekataliwa na mfumo wetu wa akili bandia". Sijui kwa nini ila sentensi hiyo inanikera. Kuna kosa la sarufi au ni mimi tu?

Jibu: Marahaba. La kwanza jepesi, tulimalize. Ni "AI imenijibu". Upatanisho wa a-wa ni wa vyenye uhai, watu, wanyama, wadudu, na hii uiite akili bandia, akili mnemba au akili unde, bado akili iko kwenye i-zi. Kitu kisicho na uhai tunakipa a-wa tukikifanya mhusika wa hadithi, "Jiwe akajibu", na msikilizaji anajua kabisa tuko hadithini. Sasa chatboti, yaani programu ya AI inayojibizana na watu, kweli inaongea, inaomba samahani, inasema "mimi naona hivi", basi ulimi unateleza wenyewe kwenye "amesema". Kwenye maongezi simkamati mtu kwa hilo. Kwenye maandishi ya kampuni namkamata, manake kuna watu wamejaribu kuipeleka hiyo "amesema" mpaka mbele ya sheria.

Mwaka 2022 huko Kanada abiria mmoja alifiwa na bibi yake, akaiuliza chatboti ya shirika la ndege la Air Canada habari za nauli nafuu ya wafiwa, ikamwambia akate tiketi kwanza halafu aombe punguzo ndani ya siku 90. Kumbe utaratibu wa kampuni haukuwa huo, alipoomba wakamnyima. Kesi ikafika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, na uamuzi ukatoka Februari 2024. Baraza liliona kwamba hoja ya kampuni ni kama kusema chatboti ni kitu kinachojitegemea kisheria, kinachobeba matendo yake chenyewe. Likaikataa, likasema chatboti ni sehemu ya tovuti na kampuni inawajibika kwa kila kilichomo kwenye tovuti yake, abiria alipwe. Nikiisoma kesi ile naona mtu kajaribu kuhamisha ngeli ili ahamishe lawama.

Sasa twende kwenye meseji yako, hapo ndo penye uzito. Kinachokukera ni hako ka-"na". Kwenye kauli ya kutendwa, "na" inamtaja mtenda na "kwa" inataja chombo. Amekatwa na nani? Na kinyozi. Kwa kitu gani? Kwa wembe. Ukisema "amekatwa na wembe" msikilizaji anaelewa wembe wenyewe ndio uliomkata, bahati mbaya, hakuna mtu aliyeushika. Kiswahili kinaruhusu, tunasema amepigwa na radi, amechukuliwa na maji, kwa hiyo kisarufi sentensi yako haina kosa na mtu asikudanganye kuwa inalo. Ila angalia imefanya nini: imeufanya mfumo uwe kama radi, kitu kinachojiendea chenyewe na hakina wa kuulizwa. Utasema mbona tunasema "amegongwa na gari"? Ndiyo tunasema, lakini anayesikia anauliza hapohapo, dereva yuko wapi? Kwa gari tumeshazoea kuuliza, kwa AI bado, tunasikia "umekataliwa na mfumo" tunainua mikono tunaondoka.

Na kauli ya kutendeka ndo mbaya zaidi, kwa sababu "-ik-" inamfuta mtenda moja kwa moja. Kikombe kimevunjika, data zimefutika, maombi hayakukubalika, hakuna hata nafasi ya kuchomeka "na fulani". Ukiona taarifa ya kampuni imejaa "imetokea", "imeshindikana", "haikuwezekana", isome mara ya pili, kila kitenzi ukiulize nani.

Nikupe mfano mmoja unaoniuma. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mwanaume mmoja nyumbani kwake mbele ya mke na watoto wake, kisa programu ya kutambua sura ililinganisha picha hafifu ya kamera ya dukani na picha yake ya zamani ya leseni. Wakamweka ndani kama saa 30. Kwenye mahojiano akaishika ile picha karibu na uso wake waone wenyewe kuwa siye. Wapelelezi wakatazamana, mmoja akasema nadhani kompyuta imekosea. Isome hiyo sentensi kisarufi, haina dosari, i-zi iko sawasawa. Lakini kompyuta haikwenda kugonga mlango wala haina pingu, walioamini jibu lake wakaenda kumkamata mtu bila kuchunguza vya kutosha ni watu, na wote wametoka nje ya sentensi. Mwaka 2024 mji ukakubali kumlipa dola 300,000 na polisi wakakubali kwamba hawatamkamata tena mtu kwa jibu la programu peke yake.

Kwa hiyo meseji yako mimi ningeiandika hivi: "Tumekataa maombi yako ya mkopo. Tuliyapima kwa programu ya akili bandia. Ukitaka mtu ayapitie upya, piga namba hii." Tu- imerudi mwanzoni, mtenda anaonekana, programu imekaa kwenye "kwa" ambapo ndo mahali pake. Na hiyo namba ya simu si mapambo, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, kifungu cha 22, kwa maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake inampa mtu haki ya kudai binadamu aingilie na kuupinga uamuzi. Hata pale sheria haijafika hapo, mteja bado anastahili kujua aongee na nani.

Ila usipambe. Kama hakuna aliyeyaangalia maombi, usiandike "baada ya kupitiwa na maafisa wetu", huo ni uongo wenye sarufi nzuri. Andika "yamepimwa kwa programu bila kupitiwa na mtu". Bosi akikuambia hiyo haiandikiki, itawatisha wateja, basi si suala la lugha tena, lipelekeni kwenye kikao mlijadili huko.