Maswali na Majibu: Damu Iliyomwagika Ng'ambo ya Ruvuma Inadaiwa Wapi?

Tangu vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, vianze kwa shambulio la Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi yamekuwa ya watu wenye msiba, kwa sababu mto Ruvuma unazigawa serikali mbili lakini hauzigawi koo. Nayajibu matano.

Swali: Wifi yangu aliolewa Palma. Machi 2021 mji ulipovamiwa, mumewe aliuawa kwa panga. Je, waliomuua wanaweza kufikishwa The Hague? (Mama wa Mikindani)

Jibu: Pole sana, mama, na utufikishie pole kwa wifi yako. Kwa hali ilivyo leo njia ya moja kwa moja haipo, na ni heri nikueleze sababu kuliko kukupa matumaini ya juu juu. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, iliyoko The Hague, husikiliza uhalifu uliotendwa katika ardhi ya nchi iliyoridhia Mkataba wa Roma, au uliotendwa na raia wa nchi hiyo. Msumbiji iliusaini mkataba huo mwaka 2000 lakini haijauridhia, ilhali Tanzania iliuridhia Agosti 2002. Kwa hiyo Mtanzania aliyevuka mto akashiriki mauaji ya Palma anaweza kushtakiwa huko kwa uraia wake. Na waliovamia kijiji chetu cha Kitaya Oktoba 2020 hawawezi kujificha nyuma ya uraia wowote, kwa kuwa walitenda katika ardhi ya Tanzania. Kwa wengine, ni lazima Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipeleke suala hilo mahakamani, kama lilivyofanya kwa Darfur mwaka 2005 na Libya mwaka 2011, au Msumbiji yenyewe itoe tamko la kuikubali mamlaka ya ICC, tamko ambalo linaweza kugusa hata matukio yaliyokwisha kupita.

Wajibu wa kwanza, hata hivyo, ni wa mahakama za Msumbiji, na wajibu huo haubagui sare. Ripoti ya Amnesty International iliyotoka wiki chache tu kabla ya Palma kuvamiwa iliwatuhumu kwa uhalifu wa kivita wapiganaji wa msituni, majeshi ya serikali na kampuni ya askari wa kukodiwa, wote kwa pamoja. Ni dhuluma kumwambia mjane yeyote kwamba kifo cha mumewe kitahesabiwa iwapo tu aliyemuua alikuwa wa upande fulani.

Swali: Dada yangu alirudi kutoka huko na kanga yenye damu na picha kwenye simu. Tuchome, tufute, au tutunze? (Kijana wa Msimbati)

Jibu: Tunzeni, ndugu yangu. Kanga isifuliwe. Ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha iwekwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu ukifungiwa humo huleta ukungu na damu ikaharibika. Picha zibaki kwenye simu au kadi ileile zilipopigiwa. Zikitumwa kwa WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali, na hizo ndizo wakili wa utetezi ataziulizia kwanza. Halafu dada aandike, au aandikiwe kwa maneno yake mwenyewe, yale aliyoyaona kwa macho, yakitengwa na yale aliyosimuliwa, na asilazimishwe kuyarudia mbele ya kila mgeni anayepita na daftari.

Umuhimu wa kauli ya mtu mmoja ulionekana Arusha, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na kosa la ubakaji. Mama mmoja aliyekuja kutoa ushahidi alieleza kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa, na mashahidi wengine wakaeleza ya kwao. Hati ikarekebishwa mwaka 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa ikatamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Dada yako asidhani kwamba neno lake ni dogo.

Swali: Watoto waliotekwa na kupewa bunduki wakirudi, tuwahesabu kuwa wahalifu? (Mwalimu wa Tandahimba)

Jibu: Hapana, mwalimu. ICC haimshtaki mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na kumwingiza vitani mtoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita wa yule aliyemwingiza. Thomas Lubanga wa Kongo alitiwa hatiani kwa hilo Machi 2012 na kufungwa miaka 14. Ugumu huanza mtoto anapokulia porini. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa akiwa mtoto, akapanda vyeo hadi kuwa kamanda, na mwaka 2021 akatiwa hatiani kwa makosa 61 aliyoyatenda akiwa mtu mzima. Majaji walimfunga miaka 25 badala ya kifungo cha maisha, wakizingatia utoto wake ulivyoharibiwa, nami naona walitenda haki kwa pande zote mbili.

Swali: Akipatikana na hatia, atanyongwa? (Msomaji wa Lindi mjini)

Jibu: Hapana. Adhabu ya juu ya ICC ni kifungo cha miaka 30, au cha maisha kwa makosa mazito kupindukia, na waathirika wanaweza kuamriwa kulipwa fidia.

Swali: Babu zetu wa Umatumbi walichomewa mashamba na maghala wakati wa Majimaji. Kwa nini Ujerumani haishtakiwi? (Mzee wa Kilwa)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. ICC huhesabu makosa ya kuanzia tarehe 1 Julai 2002, tena hushtaki watu, si nchi, na waliotoa amri zile wamekwisha kufa. Lakini kilichofanywa kati ya 1905 na 1907 kinajulikana kisheria leo: kuwaua raia kwa njaa ni uhalifu wa kivita. Njaa iliua wengi kuliko risasi, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria hufika watu 300,000.

Wakenya walioteswa wakati wa Mau Mau walifungua kesi ya madai London, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Lakini wale walikuwa bado hai, na nyaraka za wakoloni zilipatikana. Kwetu imebaki njia ya serikali kwa serikali. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023, nami nauthamini msamaha huo, ila vita vilianzia huku kwetu, Nandete, na Umatumbi nayo inastahili kutajwa kwa jina pale serikali yetu inapozungumza na Berlin. Andikeni majina ya koo zilizopoteza watu na mahali pa makaburi mnayoyajua, myapeleke halmashauri, muombe nakala yenye mhuri ibaki kijijini.