Anwani ya barazani

"Dada, barua yangu imerudi mara mbili. Sanduku lako limejaa."

Ujumbe huo ulinifikia WhatsApp saa nne asubuhi, nikiwa kwenye daladala, kutoka kwa mteja wangu wa Nairobi. Mimi ni mtafsiri, kazi zangu zote huingia kwa barua pepe, na hiyo ilikuwa kazi ya kurasa 60. Nikajisemea nikifika nitashughulikia. Nilipofika na kumpigia, kaka wa watu akaniambia kwa upole kwamba bosi wake hakuweza kusubiri, wameshampa mtu mwingine.

Nikafungua Gmail. Barua 23,418 hazijasomwa. Google hutoa GB 15 za bure, na nafasi hiyo barua hugawana na picha za simu pamoja na mafaili ya Drive. Kusema haki, si barua taka zilizojaza sanduku. Picha na video za harusi ya mdogo wangu ndizo zilizokula sehemu kubwa. Lakini onyo kwamba nafasi inakaribia kwisha nilikuwa nimetumiwa, tena zaidi ya mara moja, likazama katikati ya matangazo ya viatu, mikopo ya haraka na "fursa za kwenda Kanada". Kufuta tangazo moja hakumalizi hata sekunde mbili. Kilichoniponza ni kwamba matangazo yalishanizoesha kupita barua bila kuzisoma.

Mwanzo nililaumu wadukuzi. Halafu nikachukua kalamu nikaandika kila mahali nilipokumbuka kuwahi kuiacha anwani yangu, na karatasi ikajaa pande zote mbili. Madaftari ya wageni kwenye mabanda ya maonesho, ambako nilipewa kofia nikaona nimepata. Wifi ya mgahawa. Tovuti nne za ajira, enzi natafuta kazi. Kuponi za bahati nasibu. Fomu za kupakua kitabu cha bure ambacho mpaka leo sijakifungua. Na kuna kale kaboksi chini ya fomu, "Ndiyo, nitumieni taarifa za bidhaa", ambako huwa kameshawekewa tiki kabla hujafika. Penye kuku wengi usimwage mtama, walisema wazee. Mimi nilimwaga gunia.

Bibi yangu Tanga alikuwa na utaratibu wake. Muuza samaki, mgeni anayeuliza njia, mtu wa sensa, wote walihudumiwa barazani. Wakapewa maji, wakaenda zao. Jirani na ndugu waliingia sebuleni. Chumbani hakuingia mtu. Nikaona anwani zangu nizigawe vivyo hivyo.

Ya chumbani ni ya benki, TRA, bima, na kurejesha nywila za akaunti nyingine. Haiko kwenye kadi yangu ya biashara, haiko Facebook, na mume wangu mwenyewe haijui kwa kichwa. Ya sebuleni ni ya wateja na ndugu. Ya barazani ni ya kila kitu kingine: manunuzi, wifi, semina, programu mpya ninazojaribu. Hiyo haipigi kengele kwenye simu, naipitia Ijumaa mchana, basi.

Kilichonifurahisha ni kwamba sikulazimika kuitupa ile anwani ya zamani iliyochafuka. Hiyo ndiyo niliyoifanya ya barazani, nikafungua mbili mpya. Kuhama kulinichukua kama miezi mitatu, maana sikutaka kukaa chini siku nzima nikibadilisha akaunti arobaini. Kila barua ya maana ilipoingia kwenye sanduku la zamani, nilikwenda kwa aliyeituma siku hiyo hiyo nikampa anwani mpya. Wa maana wote walijitokeza wenyewe. Ambao hawakujitokeza kwa miezi mitatu, wa nini?

Kama anwani tatu ni nyingi kwako, kuna ujanja mdogo ambao watu wengi hawaujui. Gmail haijali chochote kilichoandikwa baada ya alama ya kujumlisha. Anwani yako ikiwa jina@gmail.com, barua iliyotumwa jina+maonesho@gmail.com itakufikia vilevile. Mwaka juzi nilikwenda kuulizia bei za sola kwenye banda moja, nikaandika anwani yangu hivyo. Binti wa mapokezi akaniuliza, "Dada, hii jumlisha ya nini?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Wiki tatu baadaye nikapokea tangazo la mtu anayeuza viwanja, na imetumwa wapi? Kwenye +maonesho. Sikuhitaji mganga wa kuniambia nani kaigawa.

Niliwaandikia watu wa sola barua fupi isiyo na hasira. Niliwaambia anwani yangu niliitoa nipate bei, sikuitoa wapewe wengine. Kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaniruhusu kukataa taarifa zangu zitumike kwa matangazo. Na kwamba wasiponijibu nitapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kesho yake asubuhi nikapata barua ya kuniomba radhi, na muuza viwanja sijamsikia tena. Sisemi kila kampuni itatishika. Ila wafanyabiashara wengi wa hapa hawategemei mteja aitaje sheria kwa jina na mwaka, na ndugu zetu wa Kenya nao wana ya kwao ya 2019. Kasoro ya ujanja wa jumlisha ni kwamba fomu nyingine huukataa, zinasema anwani si sahihi. Na mjanja anayeuza orodha za watu akitaka anaweza kuifuta hiyo jumlisha. Bahati nzuri wengi wao ni wavivu.

Sasa kuhusu kitufe cha kujiondoa kwenye orodha ya matangazo, kile cha "unsubscribe", maana hapa ndipo watu hukosea, mimi nikiwa wa kwanza. Swali langu huwa moja tu: huyu namjua? Kama ni duka nililowahi kununua, au jarida nililojiandikisha mwenyewe nikasahau, nabonyeza bila wasiwasi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua kwa wingi (upande wa Gmail ni wanaofikisha barua 5,000 kwa siku) waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na walitekeleze ombi ndani ya siku mbili. Kampuni inayojiheshimu haitaki barua zake zote ziishie jalalani, kwa hiyo hutii. Nilikuwa najiondoa kwenye kumi na tano kila usiku wakati wa taarifa ya habari. Ndani ya wiki mbili sanduku likaanza kupumua.

Kama simjui, sibonyezi kitu. Sijiondoi, simjibu, hata simtukani.

Hilo la kutukana nalijua kwa uchungu. Kuna "wakili" mmoja aliniandikia kwamba tajiri fulani amefariki ughaibuni, tumefanana jina la ukoo, na fedha zake hazina mrithi. Siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikajisikia vizuri kwa nusu saa nzima. Wiki iliyofuata nikawa na urithi katika nchi tatu, pamoja na mjane mwenye dhahabu ambaye aliota nimsaidie kuitoa bandarini. Jibu langu liliwaambia jambo moja tu walilotaka kulijua, kwamba anwani hii iko hai na kuna mtu anayesoma. Kitufe cha kujiondoa kwenye barua ya tapeli nacho hufanya kazi hiyo hiyo, au kinakupeleka kwenye ukurasa wa kukuibia nywila. Hawa ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wamevaa suti tu.

Dawa yao ni kuripoti kuwa ni taka, usiishie kufuta. Ukifuta, chujio halijifunzi kitu. Kumzuia mtumaji kunafaa kwa mtu halisi anayekusumbua. Tapeli hubadilisha anwani kama shati.

Barua iliyonitisha kuliko zote ilionekana imetoka kwangu mwenyewe. Jina langu, anwani yangu, na kwenye kichwa cha barua nywila yangu, herufi kwa herufi. Ilidai wamenirekodi kwa kamera ya kompyuta, niwalipe kwa Bitcoin la sivyo video itatumwa kwa ndugu zangu wote. Mikono ilinitetemeka. Ilibidi kijana wa dada yangu anieleze kwamba anwani ya mtumaji hughushiwa kirahisi tu, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha, na kwamba ile nywila ilikuwa ya zamani, imevuja kutoka kwenye tovuti niliyowahi kujisajili. Akanionyesha Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia: unaandika anwani yako, inakutajia ni katika mivujo gani imeonekana. Yangu ilionekana mitano. Nilibadilisha nywila kila mahali nilikoitumia ile ya zamani, nikawasha uthibitishaji wa hatua mbili, na sikulipa hata senti. Video sijaiona mpaka leo, wala shangazi hajaipata.

Jambo dogo lakini nalipenda: picha. Barua nyingi za matangazo hubeba kijipicha cha nukta moja kisichoonekana. Ukifungua barua, kinaitwa kutoka kwenye seva yao, nao wanajua umefungua na saa ngapi. Kwenye mipangilio ya Gmail kuna sehemu ya kuchagua uulizwe kwanza kabla picha za nje hazijaonyeshwa. Chagua hiyo. Barua zitaonekana kama zimenyonyolewa manyoya, lakini utazoea.

Na tafadhali, wenyeviti wa kamati za harusi na wa wanafunzi wa zamani: mkituma barua kwa watu 120, wawekeni wote kwenye Bcc, mahali ambapo wapokeaji hawaoni anwani za wenzao. Mkiwapanga hadharani, kompyuta moja kati ya hizo ikiingiwa na kirusi, wote 120 tumekwisha.

Zile 23,418 niliziondoa kwa siku mbili, kwa kutafuta badala ya kusoma. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail ukiandika category:promotions older_than:1y utaletewa matangazo yote yenye zaidi ya mwaka mmoja. Unayachagua yote, unayafuta kwa mkupuo. Ukiandika larger:10M zinakuja barua zenye mizigo mizito. Fanya hivyo kwenye kompyuta, kwenye simu utachoka. Baada ya hapo nikatengeneza kichujio kimoja: barua yoyote yenye neno "unsubscribe" isiingie kikashani, iende moja kwa moja kwenye lebo niliyoiita Magazeti. Kichujio hicho peke yake kilipunguza kelele kuliko yote niliyoyataja.

Folda ya taka nayo naipitia Ijumaa hiyo hiyo, kwa sababu Gmail hufuta vilivyomo baada ya siku 30, na chujio si malaika. Mwezi uliopita, baada ya kumaliza folda ya taka, nikachungulia na Magazeti. Katikati ya punguzo la mapazia na jarida la mapishi kulikuwa na jina la yule kaka wa Nairobi. Ofisi yao siku hizi huweka kijarida cha kampuni chini ya kila barua, na mwisho wa kijarida pameandikwa "unsubscribe". Kurasa 45, na anauliza kama bado nipo. Ilikuwa na siku mbili. Nilimjibu nikiwa nimesimama jikoni, sufuria ya wali ikiungua, kisha nikarudi kwenye mipangilio kumwekea ruhusa ya kupita moja kwa moja sebuleni.