Re: Siasa za Kenya zinatuhusu nini sisi Watanzania?

Mkuu, umeuliza kwa nini tunapoteza muda kujadili siasa za Kenya wakati za kwetu zimetushinda. Hilo la kwetu kutushinda sibishi. Lakini kusema hayatuhusu, hapana.

Kumbuka Januari 2008. Vijana waling'oa reli pale Kibera, Nairobi, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, na Uganda mafuta yakawa adimu, maana mzigo wao unapitia Mombasa. Mwenye bodaboda wa Kampala hakupiga kura Kenya, ila bei alilipa yeye. Sasa huyo ungemwambia anyamaze? Na walioketi Nairobi kusuluhisha pamoja na Kofi Annan, mmoja alikuwa Mkapa wetu, rais mstaafu. Kikwete naye, rais wetu wakati huo, alikuwepo Kibaki na Raila walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka Februari 28.

Hata kabla ya hapo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya wenzako, lakini Nyerere aliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, mwaka 1968. Wapo wanaosema alikosea. Sawa, hiyo ni hoja. Kumwambia "hayakuhusu" si hoja.

Ninachokubaliana nawe ni huu ushabiki wa Simba na Yanga tunaoupeleka kule. Mtu hajui kaunti ni nini, hajui gavana anachaguliwa vipi, halafu anawapangia Wakenya rais. Huyo hata mimi ananichosha. Aulize kwanza, Wakenya wenyewe wamejaa humu.