Maswali ya Wasomaji: Seva mpya inayofanana na ya zamani, tunakili diski nzima?

Swali: Ndugu mhariri, ofisini kwetu Kigoma mjini tuna seva ya Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta). Ina mashine pepe tano, mbili za Windows na tatu za Linux. Tumenunua nyingine ya aina ileile, kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) ileile, diski zilezile, iende tawi la Kasulu. Fundi anasema tunakili diski nzima, tuichomeke, kazi imekwisha. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanga*

Jibu: Kwa kawaida itawaka. Ila mtakuwa na seva mbili zenye jina moja, IP moja, funguo za SSH (za kuingilia seva kwa mbali) zilezile na `machine-id` (namba ya utambulisho wa mfumo) ileile. Kunakili diski nzima kunafaa seva ya zamani inapostaafishwa, au mpya inapokaa kabatini kama akiba. Kama zote mbili zitapiga kazi, sakinisha Proxmox upya kwa toleo lilelile, kisha hamisha mashine pepe kwa bakapu.

Anzia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya seva kabla mfumo haujawaka. Seva za aina moja zinaweza kutoka kiwandani na mipangilio tofauti, kwa hiyo linganisha toleo la BIOS na la kadi ya RAID, angalia kama zote zinawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mfumo), na hakikisha VT-x (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) imewashwa. Ikiwa imezimwa, mashine pepe zitagoma kuwaka. Jina la seva mpya liamueni kabla ya kusakinisha.

Kwenye seva ya Kigoma, chukua bakapu ya kila mashine pepe kwa amri hii, 101 ikiwa namba yake:

`vzdump 101 --mode stop --compress zstd --dumpdir /mnt/nje`

Mashine itazimwa, bakapu itaanza, kisha itawashwa tena yenyewe. Diski ya nje iwe ya ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux. FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, na bakapu itakatika njiani. Kwenye seva mpya unarudisha kwa `qmrestore`, ukitaja faili, namba ya mashine na `--storage local-lvm`.

Wengi hujikwaa wanapojaribu. Kabla ya kuisafirisha seva huichomeka kwenye swichi ileile ya ofisi, na sasa mashine mbili zina anwani moja ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao). Swichi inapeleka data mara huku mara kule, ping inajibu halafu inakata, na lawama anabebeshwa mtoa intaneti. Jaribuni bila kebo ya mtandao, au ongezeni `--unique` kwenye `qmrestore` ili kila mashine ipewe MAC mpya. Hilo nalo lina gharama yake: Windows inaweza kuiona kadi hiyo kama ngeni, IP uliyoiandika kwa mkono ikabaki kwenye kadi ya zamani, nawe ukalazimika kuiandika upya. Kama Kasulu ni mtandao mwingine nyuma ya rauta yake, `--unique` haihitajiki.

Folda ya `/etc/pve`, yenye mipangilio ya Proxmox, usiihamishe nzima. Fungua `storage.cfg` na `/etc/network/interfaces` za zamani, zisome mstari kwa mstari, uchukue unachohitaji. Majina ya kadi za mtandao, mfano `enp3s0f0`, hutokana na nafasi ya kadi kwenye bodi. Kadi ya ziada ikiwekwa nafasi nyingine, jina linabadilika, `vmbr0` (swichi pepe inayounganisha mashine pepe na mtandao) inakosa mlango wake, na ukurasa wa usimamizi wa bandari 8006 haufunguki. Hapo unahitaji skrini na kibodi: tazama `ip link`, sahihisha jina, kisha `ifreload -a`.

Jambo linalopoteza data kimyakimya ni bakapu za ratiba. Seva zote mbili zikiandika kwenye hifadhi moja, na kila moja ina mashine namba 101, Proxmox inazihesabu kama bakapu za mashine moja. Ukiagiza zibaki saba za mwisho, za Kasulu zitafuta za Kigoma. Tumieni hifadhi tofauti au namba tofauti, mfano 101 na 201.

Zaidi ya hapo, kama moja ya Windows hizo ni kidhibiti cha domeni (seva inayosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), msiwashe nakala yake ikiwa ya asili bado inafanya kazi. Sakinisheni kidhibiti kipya. Na kama mna programu ya hesabu, jueni kwamba nakala mbili hazizungumzi: risiti ya Kasulu haitaonekana Kigoma.

Fundi akishikilia diski nzima, basi awashe seva kwa flashi ya Linux na atumie `dd` (amri ya kunakili diski) seva ikiwa haifanyi kazi nyingine. TB 2 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni saa tano na nusu hivi. Kwanza alinganishe ukubwa kwa `blockdev --getsize64 /dev/sda`. Ya mpya isiwe ndogo hata kwa baiti moja. Kisha, kebo ikiwa nje, abadilishe `/etc/hostname` na `/etc/hosts`. Jina likikosa IP sahihi kwenye `/etc/hosts`, huduma ya `pve-cluster` haiwaki na `/etc/pve` inaonekana tupu. Jina likishabadilika, mashine pepe zitabaki chini ya seva ya zamani kwenye orodha. Ahamishe mafaili ya `.conf` kutoka `/etc/pve/nodes/kigoma/qemu-server/` kwenda folda kama hiyo ya `kasulu`. Mwisho atengeneze upya funguo za SSH, `machine-id`, na vyeti kwa `pvecm updatecerts --force`.

Swali: Seva yetu ina diski mbili za RAID 1, kila moja nakala ya nyenzake. Naweza kuchomoa moja na kuiweka kwenye seva mpya?
*Msomaji, Kibondo*

Jibu: Inawezekana, lakini chukua bakapu kwanza na uzime seva kabla ya kuchomoa. Kadi ya RAID ya seva mpya itaiona diski kama ngeni. Kubali kuingiza mpangilio wake, weka diski tupu pembeni, na nyingine kwenye seva ya kwanza, uache zijengwe upya. Seva zote mbili zitakuwa bila kinga mpaka kazi hiyo iishe. Diski uliyochomoa usiirudishe kwenye seva ya kwanza bila kuifuta, maana ina data iliyopitwa. Na majina, IP na funguo zitafanana kama tulivyoeleza hapo juu.

Swali: Tukishakuwa nazo mbili, tuziunganishe kuwa klasta (kundi la seva zinazosimamiwa pamoja)?
*Msomaji, Kasulu*

Jibu: Kati ya miji miwili, hapana. Klasta ya Proxmox inataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5. Tena ikiwa na seva mbili tu, mawasiliano yakikatika kila moja inakosa kura za kutosha, `/etc/pve` inafungwa isiandikwe, na mashine pepe iliyozimwa haiwezi kuwashwa.