Kwa nini watu wanavuka kamba kwenye fataki za mwaka mpya Tanga: niliyoyaona nikiwa upande wa mabomba

Dada, umeuliza kwa nini usiku wa mwaka mpya pale ufukwe wa Raskazone watu waliivuka kamba wakaenda kusimama karibu kabisa na mahali zinaporushwa fataki, wengine wana watoto mabegani, na walinzi wakabaki kuwaangalia. Umeuliza pia mtaa wenu ufanye nini, maana kamati inataka fataki zake kwenye uwanja wa Tangamano, katikati ya mji. Wengi waliokujibu wamesema ni ukaidi wa Watanzania, basi, yameisha. Mimi sikubaliani nao. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu ni fundi umeme hapa Tanga, na kampuni za fataki zikija kutoka Dar huhitaji mtu wa hapa wa kusaidia nyaya, jenereta na taa. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, ufukweni na viwanjani, kwa hiyo umati huo nimeutazama kutoka upande wa mabomba.

Tuanze na kilicho nyuma ya kamba, kwa sababu asiyekijua hawezi kuiheshimu. Watu wengi wanadhani mle ndani kuna maboksi kama yale yanayouzwa madukani, ila makubwa zaidi. Sivyo. Kuna mabomba ya plastiki ngumu au ya faiba, yamepangwa wima kwenye fremu za mbao au yamefukiwa mchangani. Ndani ya kila bomba limelala tufe la karatasi ngumu, na chini ya tufe kuna baruti ya kurushia. Fundi akibonyeza kitufe, baruti ya chini inawaka, tufe linaruka, utambi wake wa ndani unaendelea kuungua, na likikaribia kilele cha safari yake linapasuka. Tufe lenye upana wa inchi 3 hupanda kiasi cha mita 90. Ili lifike huko ni lazima litoke kwenye mdomo wa bomba kwa kasi inayozidi mita 40 kwa sekunde. Sasa chukulia fremu imelala ubavu. Tufe lilelile halipandi tena, linakwenda mlalo kuelekea kwa watu, na aliyesimama mita 60 linamfikia ndani ya sekunde mbili hivi, utambi bado unaungua. Linaweza kupasukia miguuni pake. Hakuna anayeweza kukimbia kwa muda huo, sembuse aliyebeba mtoto na macho yake yako kwenye skrini ya simu.

Jambo hili limeshatokea kwa watu wenye vifaa vizuri kuliko vyetu. Tarehe 4 Julai 2013, mji wa Simi Valley, California, tufe moja lilipasuka kabla ya wakati wake, fremu ikaanguka, na mabomba yaliyobaki yakaendelea kufyatua yakiwa yameelekea kwa watazamaji. Watu wapatao 40 waliumia. Walikuwa wamekuja na familia zao kukaa kwenye nyasi na kutazama.

Kwa ajili ya hatari ya namna hiyo Wamarekani wana kipimo chao kinachofuatwa na mafundi wengi: futi 70 kwa kila inchi ya tufe, kutoka kwenye bomba hadi kwa mtazamaji. Kwa mita, tufe la inchi 3 linataka kama mita 64, la inchi 4 mita 85, la inchi 6 mita 128. Hata mafundi wa Dar niliofanya nao kazi wanahesabu hivyo. Nimewaona wakishuka kwenye gari na utepe wa kupimia mkononi kabla hata ya kushusha mzigo.

Basi kipimo kipo. Kwa nini watu wanakivuka?

Jibu langu, dada, ni hili: kwetu kamba haimaanishi hatari, inamaanisha wakubwa. Nenda harusini, nenda kwenye mkutano wa hadhara, nenda uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi kubwa. Kila penye kamba, ng'ambo yake kuna viti vya mgeni rasmi, maji ya chupa na watu waliovaa kadi shingoni. Mtu amefundishwa tangu utoto kwamba nyuma ya kamba ndiko kuzuri na kwamba kamba ipo kumzuia yeye asiye na jina. Halafu usiku wa fataki unamfungia kamba ileile, rangi ileile, unamweka kijana mwenye fulana ya kung'aa asiyesema neno, na unategemea aelewe kwamba safari hii ni kwa ajili ya uhai wake? Hawezi kuelewa. Atasogea kama anavyosogea kila siku.

Nilithibitisha hili usiku mmoja ufukweni. Waandaaji walikuwa wamepanga viti vya plastiki vya wageni wao ndani ya kamba, karibu nusu ya umbali uliopimwa, ili wageni waone vizuri. Ilipofika kama saa tano usiku, mzee mmoja akaja amemshika mjukuu wake mkono, akainama, akapita chini ya kamba. Nilikuwa karibu nafunga waya, nikamwambia, "Shikamoo babu. Tafadhali rudi nyuma, hapa ni hatari." Akanitazama kwa utulivu tu, akanyoosha kidole kwenye vile viti. "Marahaba mwanangu. Na wale je, wao hawaungui?"

Mzee yule hakuwa mkaidi. Alikuwa amefanya hesabu iliyo sahihi kwa alichokiona. Kama pale pana hatari, wale wenye suti wasingewekwa pale. Na nyuma yake walikuwa wameshaanza kupita wengine, kumi, ishirini, kwa sababu mtu wa kwanza akivuka bila kuzuiwa, kamba imekufa.

Namshukuru yule fundi mkuu wa fataki, kijana mdogo kabisa kwa umri. Alivua kofia ngumu, akaenda hadi meza kuu, akasema kwa adabu kwamba hatabonyeza kitufe hadi viti viondoke. Wakamwambia mgeni rasmi ameshakaa. Akasema atasubiri. Mshereheshaji akapewa kipaza sauti, na badala ya kufoka "rudini nyuma, rudini nyuma" kama kawaida yao, akaeleza jambo kwa maneno machache: mabomba yako pale, yakianguka yanapiga hadi hapa, mgeni rasmi anahama sasa hivi, na sisi sote tunahama naye. Viti vikabebwa mbele ya macho ya watu. Umati ulirudi nyuma ya kamba wenyewe, na babu na mjukuu wake nao. Hakuna mgambo aliyeinua fimbo. Tangu hapo nimeamini kwamba watu wetu wanafuata mstari unaomfunga kila mtu, wakiambiwa ni wa nini.

Kuhusu wale walinzi waliokuwa wakitazama tu, usiwalaumu sana. Wengi ni vijana waliokusanywa jioni hiyo, wakalipwa posho ya usiku mmoja na kupewa fulana. Hakuna aliyewaambia matufe ni ya inchi ngapi, na hawana redio ya kuongea na fundi. Mlinzi wa namna hiyo hana nguvu yoyote mbele ya watu 2,000. Mwenye nguvu ni fundi aliye kwenye sanduku la kufyatulia, kwa sababu yeye ndiye anayeshikilia kile ambacho umati wote umekuja kukiona. Akisimamisha, kila mtu anawageukia waliovuka na kuwaomba warudi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni njia ya mlinzi kumfikia fundi papo hapo, hata kama ni kwa simu ya upepo moja kila upande wa uwanja, na makubaliano ya mapema kwamba mlinzi akisema simama, fundi anasimama bila kuuliza.

Sasa nizungumzie mambo mawili ambayo watu wa bara wakija kuandaa huku pwani huwa hawayafikirii.

La kwanza ni maji. Ukumbi wa ufukweni huzungushiwa kamba pande tatu, na upande wa nne huachiwa bahari. Hao waandaaji hufika saa kumi alasiri, wanaona maji yamejaa hadi karibu na ukuta, wanasema hapa hapapitiki. Lakini siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yetu hujaa saa kumi na kupwa saa nne usiku. Kufikia saa sita, pale palipokuwa bahari ni mchanga mtupu, mpana, na vijana wanazunguka mwisho wa kamba kwa miguu mikavu hadi mbele ya mabomba, gizani, upande ambao hakuna mlinzi hata mmoja. Wala hawajui kama wamevuka chochote, kwao ni ufukwe tu. Mvuvi yeyote wa Deep Sea, soko letu la samaki, angewaambia hili bure kama wangemwuliza. Tarehe 31 Desemba huangukia bamvua mwaka mmoja na maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, mwaka mwingine, kwa hiyo ni lazima uangalie mwezi kila mwaka na kupanga vizuizi kwa maji ya saa sita, siyo ya saa kumi.

La pili ni upepo. Desemba ni kaskazi, na hapa kwetu unavuma kutoka baharini kuja nchi kavu. Ukirushia fataki ufukweni, majivu, vipande vya karatasi na cheche zote zinakuja kwa watazamaji na kwenye mapaa ya makuti yaliyo nyuma yao. Nimeona cheche ikitua juu ya banda la makuti ikawaka, ikazimwa na kijana aliyekuwa amepanda na ndoo kabla onyesho halijaanza, kwa sababu tu mwenye hoteli alikuwa na akili ya kumweka pale. Kwa umbo la mji wetu, ningependa siku moja fataki zirushwe kutoka kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, lililotia nanga katikati ya ghuba. Matishari bandari yetu inayajua miaka mingi, na bahari ni kizuizi ambacho hakuna atakayeinama apite chini yake.

Kuna na suala la taa, ambalo ni la fani yangu. Waandaaji hupenda kuzima taa zote dakika chache kabla ya saa sita ili anga lipendeze. Dakika hizo ndizo kamba huvukwa zaidi, maana haionekani tena na kila mtu anatafuta nafasi ya kurekodi. Siku hizi ninaacha mstari wa taa ndogo chini kabisa kando ya kamba, zimeelekezwa mchangani. Haziharibu picha ya mtu yeyote na mstari unaonekana hadi mwisho.

Usisahau pia kwamba kizuizi kikiwekwa vibaya chenyewe kinaua. Usiku wa kuamkia 2023 huko Kampala, kwenye jengo la maduka la Freedom City, watu walikimbilia kwenda kuona fataki, wakabanana kwenye njia nyembamba, na wasiopungua 9 wakafa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Abidjan, mwaka mpya wa 2013, walikufa watu kama 60 wakitoka kwenye fataki, na manusura walisimulia kuhusu magogo yaliyokuwa yamewekwa barabarani. Fataki zenyewe hazikumgusa mtu. Kwa hiyo ukifunga mbele, fungua nyuma, na bodaboda zisiachwe ziegeshwe kwenye njia ya kutokea.

Jambo la mwisho kabla sijafika Tangamano: watoto wa asubuhi. Onyesho likiisha watu humiminika ndani kupiga picha na mabomba. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote, kwa sababu kuna matufe yaliyogoma, mengine bado yako ndani ya bomba, mengine yamepaa yakaanguka bila kupasuka. Mafundi husubiri kwanza, kisha hukagua kwa tochi, na alfajiri hurudi kukagua tena, lakini ufukwe ni mpana na mchanga unafukia. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wako pale wanaokota. Wanaokota tufe la rangi nzuri lililofungwa kamba, wanalipeleka nyumbani, wanataka kuona ndani kuna nini. Mji wetu huu hauhitaji kusimuliwa baruti inafanya nini mkononi. Uvuvi wa mabomu umewaacha wanaume wa vijiji vya pwani hii bila viganja, tunakutana nao sokoni kila siku. Tafadhali, dada, waambie watoto wako na wa jirani: kitu cha fataki kikiwa chini hakiguswi, anaitwa mtu mzima, na mtu mzima naye hakigusi, anaita polisi au zimamoto.

Sasa Tangamano. Uwanja ule umezungukwa na barabara na nyumba, hakuna bahari ya kukusaidia. Nendeni na utepe wa kupimia, simameni pale mnapotaka kuweka mabomba, mpime hadi sehemu ya karibu kabisa ambapo mtu atasimama au nyumba ilipo, kila upande. Upande mfupi ndio unaoamua. Kama ni mita 64, mwisho wenu ni inchi 3. Kama haifiki hapo, ombeni fataki ndogo zaidi au acheni kabisa, mfanye taarabu na watu watafurahi vilevile. Nendeni polisi kuomba kibali mapema na muwaalike zimamoto waje kuuona uwanja mchana. Kila Desemba polisi hutangaza marufuku ya kupiga baruti bila kibali, msije mkafungiwa shughuli saa tano usiku watu wameshajaa. Meza kuu iwe nyuma ya kamba pamoja na watu wote, na mgeni rasmi aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko.

Na mpeni mwenye kampuni kipimo cha uwanja kabla hajawapa bei. Akisikia mita 64 halafu akawatajia matufe ya inchi 5, tafuteni kampuni nyingine.