Kabla ya Kununua Toleo Jipya la Albamu ya Jukwaani, Soma Nyuma ya Jalada

Kijana mmoja anayesoma chuo huku Nyegezi ameniandikia akiuliza jambo ambalo nimekuwa nikilijibu kwa mdomo kwa muda mrefu, na sasa naona heri nilijibu kwa maandishi. Amejinunulia mashine ya santuri iliyotumika, na anataka kuanza kukusanya albamu za jazi ya fyusheni zilizorekodiwa jukwaani, yaani jazi ile ya miaka ya 1970 iliyojichanganya na roki na fanki ikabeba magitaa na vinanda vya umeme. Ila kuna mtu amemwambia kwamba matoleo mapya, yaani albamu za zamani zilizochapishwa upya, hayana maana, na kwamba asiyeweza kununua toleo la kwanza afadhali asikilize kwenye simu yake. "Shikamoo mama, hivi ni kweli?" Marahaba, mwanangu. Si kweli, na nitakueleza kwa nini, ingawa itabidi univumilie nianzie mbali kidogo.

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika Bandari ya Mwanza Kusini, na alikuwa na redio ya masafa mafupi aliyoitunza kuliko baiskeli yake. Usiku, habari za meli na shehena zikiisha, aliitafuta Sauti ya Amerika mpaka ampate Willis Conover, mtangazaji wa jazi aliyesoma majina ya wanamuziki taratibu, kwa Kiingereza ambacho hata mtu aliyeishia darasa la nane alikifuata bila shida. Mjini watu wakisema jazi walikuwa na maana ya bendi za dansi, Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz. Kwetu zilipigwa zote mbili, ile ya Conover na ile ya kuchezea, na hakuna aliyeona ajabu. Tatizo lilikuwa mawimbi. Tarumbeta ilikuja vizuri, ikaanza kuzama, na iliporudi wimbo ulikuwa umekwisha na watu wanapiga makofi. Nadhani hapo ndipo nilipopata njaa ya kusikia onyesho zima, tangu wapigaji wanapojaribu vyombo hadi mwisho, bila mtu kunikatia njiani.

Miaka ya katikati naipita: shule, ajira, ndoa, watoto, ada. Watoto walipoanza kujitegemea nikaanza kununua, kwanza diski za CD, kisha santuri, nyingi zikiletwa na ndugu waliokuwa wakirudi likizo kutoka nje. Leo kabati langu la Kirumba ni kabati ambalo wageni huomba kupigwa nalo picha, na sioni sababu ya kujifanya kwamba hilo halinifurahishi.

Lililoniuma lilitokea Dar es Salaam, nyumbani kwa mkusanyaji mmoja ambaye sitamtaja, kwenye jioni ya kusikiliza santuri. Nilikuwa nimebeba Agharta, albamu ya jukwaani ya mpiga tarumbeta Miles Davis, toleo jipya. Mwenyeji aliichomoa kwenye mfuko, akaigeuza, akatafuta mwaka wa kuchapishwa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Mama wa Mwanza katuletea fotokopi." Wakacheka. Nilikuwa mgeni na nilikuwa nakula wali wake, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini jibu ninalo, na huyo aliyekuambia uhamie kwenye simu anaweza kulisoma pia.

Fotokopi hupunguza. Katika albamu za jukwaani za enzi hii, mara nyingi toleo la kwanza ndilo lililopunguzwa. Santuri ya kawaida hubeba dakika ishirini na kidogo kila upande, na ukilazimisha zaidi ya hapo mistari husongamana na sauti hushuka. Bendi hizi hazikupiga kwa dakika ishirini. Zilipiga saa nzima bila kusimama, wimbo ukizaa wimbo mwingine. Basi prodyuza alikaa na wembe wake akakata kanda. Mwezi Juni 1970 Miles alipiga siku nne mfululizo katika ukumbi wa Fillmore East, New York, akiwa na Chick Corea na Keith Jarrett kwenye vinanda vya umeme, na albamu iliyotoka mwaka huohuo iliupa kila usiku upande mmoja tu wa santuri, baada ya prodyuza wake, Teo Macero, kukata na kuunganisha. Ni kazi nzuri ya mkasi, siibezi. Lakini mwaka 2014 usiku zote nne zilitolewa kamili kwenye CD, na ukizisikiliza unagundua kwamba yale mageuko ya ghafla uliyoyadhani ni uchawi wa bendi, mengine yalikuwa ya Macero. Ndivyo ilivyo pia kwa Live-Evil, albamu ya Miles ya mwaka 1971: sehemu zake za jukwaani zilitoka kwenye klabu ya Cellar Door, Washington, Desemba 1970, na zilichukuliwa usiku wa mwisho ambapo John McLaughlin alijiunga na bendi akiwa na gitaa lake. Kisanduku cha CD sita kilichotoka mwaka 2005 ndicho kinachokuonyesha bendi ile ilivyokuwa kabla hajafika. Mwenyeji wangu wa Dar anayo Live-Evil ya kwanza, safi kabisa, na hajui kilichotokea usiku uliotangulia. Mwaka huu alituma mtu aniombe kisanduku hicho akiazime. Nilijibu kwamba visanduku vyangu havisafiri, ila mabasi ya kuja Mwanza yapo kila siku.

Kuna jambo la pili, nalo ni Japani. Albamu kadhaa bora za enzi hii zilitolewa Japani peke yake. Bendi ya Weather Report ilirekodiwa Tokyo tarehe 13 Januari 1972, na santuri mbili za onyesho hilo, Live in Tokyo, ziliuzwa huko. Wamarekani waliambulia vipande vilivyopunguzwa kwenye upande wa pili wa I Sing the Body Electric. Mpiga piano Herbie Hancock alirekodi albamu ya Flood jijini Tokyo mwaka 1975, nayo ikabaki hukohuko. Tarehe 1 Februari 1975, Osaka, Miles alipiga mara mbili kwa siku moja: onyesho la mchana likawa Agharta, la jioni likawa Pangaea, na hiyo Pangaea ilikaa miaka mingi kabla ya kutolewa Marekani. Dark Magus ya Miles, iliyorekodiwa ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwezi Machi 1974, ilitoka Japani mwaka 1977 na kufika kwenye maduka ya nchi ilikopigwa mwaka 1997. Vipande vyake vinne vinaitwa "Moja", "Wili", "Tatu" na "Nne". Fundi wangu wa redio alipoisoma hiyo "Wili" aliweka bisibisi chini akacheka kwanza. Sasa niambie, mtu wa Igoma au wa Bukoba angezipata wapi santuri hizi bila toleo jipya? Santuri ya kwanza ya Kijapani, ikiwa na ule utepe wa karatasi unaozunguka jalada, inaweza kugharimu kodi ya chumba ya miezi kadhaa, na utepe haupigi muziki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: soma nyuma ya jalada. Usitazame uzito. Siku hizi kila kitu kimebandikwa "gramu 180", nanyi vijana mnaipokea kama cheti cha kuzaliwa. Santuri nzito haipindi kirahisi, lakini gramu haziongezi noti hata moja, na kanda mbovu ikikandamizwa kwenye plastiki nzito inabaki kanda mbovu. Usitazame rangi pia. Tazama kama wameandika onyesho lilipigwa lini na wapi, kama wamesema limekamilika au limepunguzwa, na kama wametaja kanda waliyoitumia na jina la aliyeikata santuri, yaani aliyechonga mistari ya sauti. Kampuni iliyofanya kazi yake hujivunia na huandika. Iliyonakili kutoka kwenye CD hukaa kimya, na mara nyingi huishia kusema tu kwamba sauti "imesafishwa". Ukinunua kwa mtandao mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma, na picha ya ile sehemu nyororo karibu na lebo, ambako herufi na namba huwa zimechongwa. Hizo ndizo zinazotambulisha santuri yako ilitoka kwenye ukataji upi. Hesabu pia nyimbo. Albamu ya santuri mbili ikibanwa kwenye CD moja wakati mwingine huacha wimbo nje, na hapo ndipo neno fotokopi lingefaa kutumika.

Tena usiidharau CD kwa sababu una mashine ya santuri. Usiku mzima wa Fillmore unaingia kwenye CD moja bila kugeuzwa.

Kuhusu mashine yenyewe, nikueleze jambo ambalo muuzaji wa vitu vilivyotumika hatakueleza. Mashine nyingi za zamani zinazokuja kwenye makontena kutoka Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, na zile ambazo mota huzungusha sahani kwa mkanda, zenye mota ya kizamani, hupata mwendo wake kutokana na hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50. Transfoma itapunguza volti, lakini hezi hazibadiliki, hivyo sahani inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka chini ya mara 28, na muziki wote unashuka takriban nusu-toni tatu. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Fundi wangu wa redio karibu na Makoroboi hakupiga kelele nyingi: aliifungua, akapima kapi ndogo ya mota kwa kalipa, akaenda kuchongesha nyingine yenye kipenyo kikubwa zaidi kidogo, akairudisha na mkanda uleule, akaweka santuri ya bendi ya Mahavishnu Orchestra na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mashine za baadaye zenye mota inayoongozwa na kwatsi, fuwele ile ya kwenye saa, hazina taabu hiyo, na kama bado hujalipa, chagua hizo.

Utunzaji ni mambo machache. Santuri zisimame wima, zisilale, na zisikae chini ya bati lisilo na dari, kwa sababu joto la mchana hupinda plastiki. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa tuna unyevu, na jalada la karatasi huota ukungu msimu wa mvua; mfuko wa plastiki wa nje unasaidia, na kabati lisiguse ukuta. Kuosha, tumia maji yaliyochemshwa kuwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri usije ukabeba tindikali.

Na usinunue ili uonekane. Nawaona vijana wakipanga majalada ukutani na kupiga picha kabla ya kushusha sindano, kisha wanabishana kuhusu mwaka wa kuchapishwa wa muziki ambao hawajaumaliza. Mkusanyaji ni anayesikiliza albamu ya santuri mbili hadi upande wa nne.

Umeniomba nikuambie pa kuanzia. Anza na albamu iitwayo 8:30 ya Weather Report, ya mwaka 1979, kwa kuwa matoleo yake yanapatikana kwa bei ya kawaida na Jaco Pastorius yumo kwenye besi. Ukumbuke tu kwamba upande wa nne ulirekodiwa studio. Kisha tafuta Between Nothingness & Eternity ya Mahavishnu Orchestra, iliyorekodiwa bustani ya Central Park, New York, mwaka 1973, ambayo upande mzima ni wimbo mmoja. Flood ifuate, kwa sababu Hancock anaanza na piano ya kawaida na kukusogeza polepole hadi kwenye vinanda vya umeme. Agharta ije baadaye, na usiipigie kwenye spika ya simu, kwani gitaa la Pete Cosey na besi ya Michael Henderson vinahitaji spika zenye kifua. Ukitaka kuisikia kabla ya kununua, niandikie tena tupange Jumamosi. Uje mchana, maana jioni majirani wangu wana ibada.