Chaja ya Leaf inawaka nyekundu inakata: pima ethi kwanza kabla hujanunua nyingine

Mkuu uliyesema chaja yako ya Nissan Leaf, gari la umeme, ile chaja ya kubeba inawaka taa nyekundu halafu inakata, na fundi kashakwambia imeungua tafuta laki kadhaa uagize nyingine, subiri kwanza usitume hela. Mimi yamenikuta hayo hayo mara mbili, mara ya kwanza chaja ilikuwa nzima kabisa, mara ya pili ndo ilikuwa mbovu kweli, na dalili zake zilikuwa tofauti ila mwanzoni sikujua kuzitofautisha.

Yangu ni Leaf ya 2013, betri ya 24 kWh, imetoka Japani kama nyingi za huku, na nakaa Kigamboni, kumbuka hilo la Kigamboni maana mchanga wake unaingia kwenye hii stori.

Kwanza tuelewane, lile boksi la katikati ya waya tunaliita chaja ila chaja yenyewe iko ndani ya gari. Boksi ni kama mlinzi wa geti, anakagua, akiridhika anafungua umeme upite, asiporidhika anakaza. Kwa hiyo taa nyekundu mara nyingi maana yake mlinzi kaona kitu, sio kwamba mlinzi anaumwa. Na kitu anachokiona sana kwenye nyumba zetu ni ethi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini.

Ilivyokuwa kwangu: chaja ilipiga kazi miezi yote ya masika bila shida, mvua zikaisha, wiki kadhaa mbele nachomeka usiku napata nyekundu. Nachomoa, narudishia, nyekundu. Nikabadilisha soketi, nyekundu. Nikaibeba mpaka kwa shemeji yangu Mbagala nikachomeka gari pale kwake, ikachaji mpaka asubuhi kama hakuna kilichotokea. Hapo ningekuwa na akili ningejua tatizo liko nyumbani kwangu, lakini mimi nikasema labda imejirekebisha lol, nikarudi nyumbani, nyekundu.

Nikaita fundi umeme. Jamaa akachomeka testa, ikawaka, akasema umeme upo, soketi nzima, chaja yako mbovu. Nyie mnaoamini testa, ile inakwambia tu kwamba kuna laini, yaani waya unaoleta umeme, haijui chochote kuhusu ethi. Nikamwambia basi tumia multimita, kile kipimo kinachosoma volti kwa namba. Laini na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ikasoma volti 228, safi. Laini na ethi ikasoma 131. Nyutro na ethi 97. Jamaa akasema si unaona ethi ina umeme, ipo. Hapana bwana! Laini na ethi inatakiwa isome karibu sawa na laini na nyutro, na nyutro na ethi iwe volti chache sana. Ukiona umeme umegawanyika katikati namna ile ujue waya wa ethi unaelea, haujashika popote, multimita inakusomea vivuli tu.

Na dalili nilikuwa nazo siku nyingi, friji ilikuwa inachomachoma ukiigusa miguu mitupu, mke wangu alishalalamika mimi nikamwambia avae ndala. Kama kwako friji au pasi inakutekenya, mkuu, jibu lako unalo tayari.

Sasa fundi alipoona nambana akaleta dawa yake: bosi ngoja nikupigie kipande cha waya humu ndani ya plagi, niunge nyutro na ethi, boksi itadanganyika kesho unatembea. Na kweli ingedanganyika. Ila siku nyutro ikikatika huko nyuma, au mtu akigeuza waya kwenye soketi, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, na gari imekaa juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo ule umeme hauendi popote, unakaa unamsubiri atakayeshika kitasa akiwa amesimama peku kwenye mchanga uliolowa. Kwangu huyo angekuwa mtoto, ndo wanaokimbiliaga mlango wa kwanza. Nikamlipa hela yake ya kuja akaenda.

Fundi wa pili, mzee mmoja hana maneno mengi, hakugusa hata soketi, alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba akauliza rodi yenu ya ethi iko wapi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini. Tukaitafuta. Wale vijana walionitandikia pevingi walikuwa wamekata ule waya na sururu, wakaufukia, wakaweka tofali juu, kimya! Kipindi cha mvua udongo umelowa zile ncha mbili nadhani zilikuwa zinagusana kupitia tope kiasi cha kumridhisha mlinzi wetu, mchanga ulipokauka basi. Na hata waya ungekuwa mzima, mchanga mkavu wa huku unashika ethi vibaya mno. Mzee akazamisha rodi mbili badala ya moja, akaziacha mbali mbali, akaunga kwa klampu mpya, akapima na kile kipimo chenyewe cha ethi. Multimita baada ya hapo: 229, 228, na nyutro na ethi 1 na kitu. Nikachomeka gari, tak, taa ya kijani. Friji nayo ikatulia.

Hiyo tak isikilize vizuri kwako, inasema mengi. Boksi kabla haijafungua umeme inaongea na gari kupitia waya mwembamba wanauita pailoti. Ukichomeka ukutani bila gari, pale kwenye kichwa (ile plagi inayoingia kwenye gari) kuna volti 12 za dc kati ya pini ya pailoti na pini ya ethi. Ukichomeka kwenye gari inashuka 9, gari ikisema niko tayari inashuka 6, ndo rilei, swichi iliyo ndani ya boksi, inafunga unasikia tak. (Hizo 9 na 6 usihangaike kuzitafuta na multimita, pale tayari ni mawimbi yanayowaka na kuzima mara 1000 kwa sekunde, itakupa namba za ajabu uchanganyikiwe bure.) Kwa hiyo kama nyekundu inakuja hata kabla hujachomeka kwenye gari, anza na ethi ya nyumba. Kama haileti tak kabisa na nyekundu haipo, angalia pailoti, na hakikisha hujaacha taimeri ya kuchaji kwenye gari, menyu ikiwa ya Kijapani mtu unaibonyeza bila kujua. Ikipiga tak ikaenda nusu saa ndo ikakata, shika plagi ukutani kwa mkono usikie kama imepata moto.

Plagi nayo ina kesi yake. Hizi plagi za pini tatu zina fyuzi ya ampea 13, na zile chaja za Japani za volti 200 nyingi zinavuta mpaka 15, usiku kucha, watu wanakata plagi ya kule wanafunga hii ya kwetu. Pasi inavuta dakika kumi unaizima, gari inavuta saa nane mfululizo. Yangu niliyokuwa nimefunga hivyo iligeuka rangi ya kahawia pembeni ya pini ya laini na ikatoa harufu ya samaki aliyeoza, niliulizana na mke wangu nani kasahau taka. Sasa hivi nina soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, waya wa milimita 4 kutoka kwenye breka yake peke yake, na ile ya kukata umeme ukivuja ya miliampea 30. Ekstensheni usiguse kabisa, hasa ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ikiwa imejikunja inajipika yenyewe.

Mara ya pili sasa, kama mwaka baadaye. Hakuna nyekundu safari hii. Nachomeka, tak, inachaji, halafu tak imekata, tak imerudi. Nikagundua inategemea kichwa kimelalaje, nikikiinua kwa goti inachaji, nikikiachia inakata. Usiku mmoja nimelala nimekiwekea tofali kwa chini.

Nikakumbuka yale ya pailoti. Nikachomeka boksi ukutani bila gari, multimita kwenye dc, ncha moja kwenye pini ya ethi (ile ya chini katikati) nyingine kwenye vipini vidogo viwili vya pembeni mpaka nikapata chenye 12. ANGALIZO zile pini mbili kubwa za juu usizichokoe, kama rilei imegandana zina umeme. Nikashika 12 yangu, nikaanza kupinda waya pale shingoni unapoingia kwenye kichwa: 12, 12, 0, 12, 0. Waya umekatikia ndani ya mpira, nje hauonyeshi hata mkwaruzo. Kosa ni langu, nilikuwa nauzungushia boksi kwa kukaza kama kamba ya mbuzi na kona inakuja pale pale kila siku.

Kile kipini kingine kidogo ni cha kitufe cha kuchomolea. Ukiwa umechomoa kila kitu ukutani pima omu kati yake na ethi, ukiwa hujabonyeza inatakiwa karibu 150, ukibonyeza karibu 480. Yangu ilikuwa sawa, ila mchanga ukiingia kwenye kitufe kinabaki kimebonyea na gari inadhani unachomoa, inagoma.

Kichwa changu kilikuwa cha kugandishwa, hakina skrubu, kwa hiyo sikukifungua, nilinunua kichwa kipya cha Type 1, aina ile ile inayoingia kwenye Leaf, kikiwa na waya wake, yule mzee akakiunga kwenye boksi la zamani, waya kwa waya. Mpaka leo kinapiga kazi, na waya naukunja mizunguko mikubwa kama mpira wa kumwagilia.

Kwa hiyo mkuu leo usiku tafuta multimita, nitupie zile namba tatu za soketi yako, na useme nyekundu inakuja kabla au baada ya kuchomeka gari, na kama kuna mtu amekupigia pevingi au kuchimba karibuni.